Futa Kidogo Tu

Aidan aliingia uani kwetu Lizaboni na leso nyekundu mkononi, akanikuta mimi na msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Ugomvi wetu ulianzia hapo, msitafute mchawi mwingine.

Ilikuwa tarehe kumi na nne Februari, mwaka ule ambao Siku ya Wapendanao iliangukia Jumatano ya Majivu. Nyie wa kwingine labda hata hamkuliona hilo. Songea tuliliona. Wasichana wa kwaya yetu walishinda wiki nzima wakiulizana kama mtu anaweza kuvaa nyekundu huku amefunga. Mmoja alisema Valentine ni mambo ya kipagani. Mwingine akamjibu kwamba huyo Valentino mwenyewe ni mtakatifu wetu, sasa upagani umetokea wapi. Mimi nilikaa kimya, maana gauni jekundu nilikuwa nimeshaanza kujishonea. Mimi ni fundi cherehani, kitambaa kizuri kikipita mbele ya macho yangu sikiachi. Na tangu Januari nilikuwa nimemkubalia Aidan kwamba siku hiyo atanivisha pete ya uchumba mbele za watu, kwenye bustani ya dada yake Suzana kule Msamala. Kalenda ya kanisa sikuiangalia.

Nilipoiangalia, nilimwomba sherehe tuisogeze mbele au tuirudishe nyuma. Akasema Suzana ameshaalika watu. Akanituliza kwamba Mungu anaangalia moyo. Nikamwambia basi sawa, nitakuja, ila nitakuja na majivu yangu na nyama siigusi. Akacheka sana. Kumbe alidhani natania.

Sasa huyo hapo amesimama mbele yangu, shati jekundu, viatu vinang'aa pamoja na tope lote la mvua ya asubuhi. Jamani, nilimpenda yule mwanaume. Nasema mapema ili mjue nilichokuwa karibu kukipoteza. Kesho yake alfajiri alikuwa anapanda basi kwenda Nalasi, huko Tunduru, kuanza kazi ya ualimu, na tulikuwa hatujui atarudi lini. Aliniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani, taratibu, na nikasikia joto likinipanda shingoni. Halafu macho yake yakafika kwenye paji la uso na yakagoma kutoka hapo.

"Umependeza, Lidi," alisema. "Ila hapo."

"Hapo wapi?"

Akaninyooshea ile leso. "Futa kidogo tu. Kwa ajili ya picha."

Nikasubiri acheke. Hakucheka. Akasema picha zikiisha naweza kujipaka tena.

"Kwani haya majivu ni poda, Aidan?"

Akapumua kwa nguvu. Akaniambia Suzana amemleta mpiga picha, na ndugu zake wa Maposeni wapo, na walimu wenzake aliosoma nao wapo, na wote watabaki kuulizana kwa nini bibi harusi mtarajiwa amekuja kama mtu aliyetoka jikoni kukoleza moto. Nikamuuliza kama yeye asubuhi alienda ibada. Akajibu kwamba asubuhi alikuwa anajaza maputo, na ataenda jioni akipata nafasi. Huyo ni Mkatoliki wa Maposeni, mtoto wa watu wanaosali rozari mpaka shambani kwenye mahindi.

Ngoja niwaambie ukweli wa moyo wangu. Sikuwa na ugomvi na maua mekundu wala keki. Mwaka uliotangulia tulikula chipsi kuku siku hiyohiyo ya Valentine, tukapiga picha mpaka simu ikaisha chaji, na Jumapili nikaenda kukomunika bila shida yoyote. Hata siku ile nilikuwa nimevaa gauni langu jekundu, na nilishawaza kwamba ninaweza kwenda kwenye furaha yangu nikiwa nimefunga, nikae, nicheke, nivishwe pete, nisile. Hayo nilishayapima na kuyaombea, nikaona yananiruhusu. Kilichonikaa kooni ni ile leso.

"Sifuti," nikamwambia.

"Lidi, usinifanyie hivyo leo."

"Nitakuja nilivyo. Pete inavaliwa kidoleni, haivaliwi usoni."

Hapo ndipo alipokasirika, na akikasirika Aidan hapazi sauti, anaishusha. Alisema baba yangu hamtaki, mimi najua na yeye anajua. Na kweli, Januari alimtuma mjomba wake, mzee Athanasi, kuleta posa, na baba alimrudisha kwa upole na chai ya tangawizi, akasema mambo hayo yasubiri hadi Pasaka ipite. Baba yangu, mzee Beda, ni katekista wa kigango chetu. Akiongea na mimi alikuwa akisema yule kijana ni mtu wa maonyesho, kwa sababu siku yangu ya kuzaliwa alikuja nyumbani na spika mbili na mpiga picha, na jirani zetu wakadhani kuna mkutano wa injili.

"Kesho naenda Nalasi," Aidan alisema. "Nikienda bila pete kwenye kidole chako, baba yako atakutafutia mtu anayemtaka yeye. Nitarudi nikukute umeolewa. Hiki ndicho ninachokiogopa, kama hukijui. Sio picha."

"Basi kama sio picha, niache na majivu yangu."

"Na wewe kama unanipenda, futa. Chagua, Lidi."

"Mungu hajaniambia nichague. Wewe ndiye unayeniambia."

Tukatazamana. Nilitamani anishike mkono. Angenishika mkono tu, nadhani ningeilainisha sauti yangu, tungetafuta njia. Hakunishika. Aliikunja ile leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ile pete ya mtende bado unayo?" aliniuliza.

Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, kwenye maandamano, alinyofoa unyuzi kwenye tawi lake lililobarikiwa akasokota pete ndogo. Tulipofika mlangoni pa kanisa alinivisha, mimi nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo, akaniambia kwa mara ya kwanza kwamba ananipenda. Nilikosea kuingia sauti ya pili siku hiyo na mwalimu wa kwaya akanikaripia. Pete ilipokauka niliichomeka nyuma ya msalaba wa sebuleni, pamoja na matawi ya nyumbani kwetu, maana kitu kilichobarikiwa hakikai ovyo kwenye droo na vifungo.

"Ninayo," nikasema. "Ipo nyuma ya msalaba."

"Nenda ukailete. Nikiiona hiyo, nakuchukua na majivu yako hayohayo mbele ya Suzana na watu wake wote. Sitasema neno tena."

Nilikimbia. Nawaambia nilikimbia na viatu virefu, nikaparamia kiti, nikapitisha mkono nyuma ya msalaba. Hakukuwa na kitu. Nikauondoa msalaba ukutani. Msumari tu, na alama ya vumbi mahali matawi yalipokuwa. Nikainama chini ya makochi, nikakung'uta vitambaa, nikasogeza kabati. Nilipoinuka Aidan alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia.

"Haipo," alisema.

"Ilikuwepo hapa. Aidan, naapa ilikuwepo."

"Umeitupa."

"Siwezi kuitupa."

"Basi iko wapi?"

Alisubiri kidogo, macho yake yamejaa maji na anayazuia yasidondoke. Halafu akaitia leso mfukoni. Alisema watu wanamngoja na atawaambia ninaumwa, ili nisiaibike. Hata kwenye hasira yake alitaka nisiaibike.

"Basi langu linaondoka alfajiri, Lidwina," alisema.

Alikuwa hajawahi kuniita jina langu zima. Nilisikia gari la Suzana likiwaka nje, na nikakaa chini sakafuni na gauni langu, nikalia.

Baba alinikuta hapo hapo. Alikuwa ametoka kupeleka majivu kwa wagonjwa wa jumuiya yetu, amechoka, hajala tangu jana yake, koti lake la kijivu limelowa mabegani. Padre alikuwa kwenye vigango vya mbali, kwa hiyo kazi yote ya siku hiyo ilikuwa ya baba. Aliweka bakuli mezani, limefunikwa kitambaa cheupe, na juu yake chujio langu la chai.

Nikalitazama lile chujio. Nilimwazima Jumatatu. Aliniambia anataka kuchujia majivu yawe laini, na mimi nikampa bila kuuliza, kichwa changu kiko kwenye pindo la gauni.

"Baba," nikasema. "Matawi ya nyuma ya msalaba yako wapi?"

"Nimeshayachoma. Tulitangaza kanisani, kila nyumba ilete matawi ya mwaka jana. Ningeacha ya nyumbani kwangu?"

"Kulikuwa na pete humo. Ya mtende."

Akavua koti polepole. Baba yangu hajui kudanganya, na kwenye jambo hili ningependa angejua.

"Niliiona," alisema. "Nikajua huu ni mkono wa mtu mzima, sio wa mtoto. Niliitoa nikaiweka pembeni. Halafu nikasema hapana, na hii imebarikiwa, iende na wenzake."

"Ulijua ni ya nani?"

"Nilihisi."

"Ungejua kabisa, ungefanyaje?"

Alikaa kitini, akasugua magoti yake. "Ningeichoma vilevile, mwanangu. Hiyo ndiyo desturi. Ila ningekuita uone."

Nikamweleza yote, leso na basi na msumari mtupu. Nilimweleza kwa hasira, na sijawahi kumwonyesha baba hasira kiasi kile. Nilimwambia yeye ndiye aliyemfukuza Aidan, kwanza kwa chai ya tangawizi na sasa kwa kiberiti. Hakunikatiza. Nilipomaliza, akaniangalia usoni kwa muda mrefu, pale kwenye paji, mahali alipokuwa amenipaka kwa kidole gumba chake mwenyewe asubuhi. Niliona jambo limemwingia. Na mimi likaniingia hapo hapo, nikanyanyua mkono nikajigusa.

"Baba. Imo humu."

"Imo," alisema. "Ilichomwa na mengine, ikachujwa na mengine."

Nikavaa viatu. Akaniuliza kama nakwenda huko kwenye sherehe vile nilivyo. Nikamwambia hivi hivi. Akafungua mdomo, akaufunga. Mwisho akasema ibada ya jioni ni saa kumi na moja nisichelewe, na huko niendako nisije nikasahau nikala.

Dereva wa bodaboda aliniangalia kwenye kioo safari nzima, gauni jekundu, majivu, machozi, akaona heri asiulize.

Bustani ya Suzana ilikuwa nyekundu kila mahali. Maputo, vitambaa, keki ya umbo la moyo, moshi wa nyama choma. Muziki ulikuwa juu. Nilipoingia walinyamaza meza moja, halafu nyingine, mpaka mtu akapunguza muziki, na nikasikia viatu vyangu mwenyewe kwenye kokoto. Mama mmoja wa Maposeni akajigusa paji lake haraka, nadhani alikuwa amekumbuka kwamba lake ni tupu. Suzana alinijia na tishu mkononi. Ni dada mzuri Suzana, ila akipanga jambo lake hataki lipinde.

"Wifi, wamesema unaumwa. Njoo nikusafishe hapo, upesi, kabla kamera haijawa tayari."

"Asante, dada. Usiniguse."

Ilimuuma. Alisema kwa sauti ya chini kwamba nimekuja kuwaharibia, kwamba mdogo wake ameshinda hana raha, na kama ningetaka kukaa kanisani ningekaa. Nilikuwa nimemwona Aidan. Alikuwa amekaa peke yake nyuma ya keki, kisanduku cha pete kimefungwa mbele yake. Sahani yake ya nyama ilikuwa imejaa na hakuwa ameigusa.

Alisimama. Nikamwambia nataka tuongee pembeni. Akasema kama ni kumuacha, nimwache hapohapo mbele ya watu, kwa sababu ni mbele ya watu alipotaka kunichukua.

"Pete yako ya mtende nimeipata," nikasema.

Uso wake ukafunguka kidogo. "Iko wapi?"

"Baba alikusanya matawi yetu yote akayachoma. Alichuja kwa chujio langu, nililompa mwenyewe bila kuuliza, mimi nashona hili gauni. Asubuhi akanipaka." Sauti ilianza kunitetemeka na nikaiacha itetemeke. "Ulichoniambia nifute, Aidan, ni pete yako."

Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni kwenye shati lake. Akanyanyua kidole kunigusa paji la uso, kikasita, kikarudi.

"Na mimi nilikuletea leso," alisema.

"Uliniletea."

"Nisamehe, Lidi."

"Ungeniamini bila pete. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuambia ipo, na uliponiona sina cha kuonyesha ukaondoka."

"Niliogopa."

"Na Nalasi utaogopa kila siku?"

Akafikiri. Nilifurahi kwamba alifikiri, hakurukia jibu. "Nitaogopa," alisema. "Lakini sitakuuliza tena uonyeshe."

Halafu akainama, na paji lake likagusa paji langu, likatulia hapo. Alikuwa na joto. Sikumbuki watu walifanya nini. Nakumbuka pumzi yake kwenye midomo yangu, na mimi nikijizuia, maana mfungo ni mfungo. Alipoinuka alikuwa na doa jeusi juu ya nyusi.

Mpiga picha akaleta kamera yake. Aidan akamwomba asubiri, siku nyingine. Akachukua kisanduku cha pete akampa Suzana.

"Dada, nitunzie. Nyama weka kwenye friji, asiyefunga ale. Na tafadhali naomba utupeleke kanisani."

Suzana alituangalia wote wawili kana kwamba tumemwibia. Lakini akachukua funguo za gari. Njia nzima alikanyaga kila dimbwi la Songea.

Kanisani mstari ulikuwa umefika mpaka mlangoni. Wafanyakazi wametoka makazini, akina mama wametoka sokoni, na sisi tumeingia na mavazi yetu mekundu, kila shingo inageuka. Aidan alisimama mbele yangu kwenye mstari. Mimi nilishapakwa, sikuhitaji tena, ila sikutaka amkabili baba peke yake. Nilihesabu vichwa vilivyobaki na kusali bila maneno.

Baba alikuwa na bakuli mkono wa kushoto. Akamwona Aidan. Kidole gumba kikabaki hewani. Alilitazama lile doa jeusi, akanitazama mimi nyuma yake, akaona msalaba wangu umefutika upande mmoja.

"Shikamoo, Baba," Aidan alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Hayo umepakwa na nani?"

Nilisikia mtu nyuma akikohoa. Aidan angeweza kusema ni bahati mbaya, ni masizi ya nyama choma.

"Na Lidwina, Baba."

Baba hakutabasamu. Alitumbukiza kidole kwenye majivu, akampaka msalaba mkubwa, juu ya lile doa, kwa nguvu, kama anavyowapaka watoto watundu, akasema maneno ya ibada yote mpaka mwisho. Nilidhani yameishia hapo. Lakini hakumpa nafasi ya kupita.

"Kesho unakwenda Nalasi."

"Ndiyo, Baba."

"Jumapili ya Matawi uwe hapa. Tawi nitakupa mimi mwenyewe. Na Pasaka ikishapita, mwambie mzee Athanasi aje tena."

Aidan akaitikia kwa kichwa, akasogea pembeni. Nyuma yangu Suzana, ambaye nilidhani amebaki kwenye gari, alinigusa bega akauliza baba amesema nini. Nikamwambia amekubali. Yeye akavuta ushungi wake mwekundu nyuma, akasogea mbele ya baba, akainamisha kichwa apakwe.

Nilitoka nje nikasimama chini ya upenu wa kanisa, nikalia kwa mara ya pili siku ile, na safari hii sikujizuia. Aidan alinifuata. Akatoa leso yake mfukoni, akaiweka mkononi mwangu, akakifunga kiganja changu juu yake.

"Futa machozi tu," alisema. "Majivu yaache."